Kelele Hizi Zina Utani, Sikiza Vizuri

Wewe unayesoma hapa, najua ukisikia "metali" unawaza mashetani. Woga huo una historia. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na sisi ambao hata hatukuwa tumezaliwa tukaurithi. Ndio maana kijana wa Mji wa Kale anasikiza gitaa zake kwa kujificha, kama anayevuta sigara chooni. Mama akimfuma, atatafutiwa mtu wa kumsomea.

Sasa hebu sikiza. Napalm Death wa Uingereza walitoa "You Suffer" mwaka 1987. Wimbo mzima ni sekunde moja na kitu, mpaka ukaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Makanga hajamaliza kuita "Feri!", wimbo ushakwisha! Hapo utaogopa nini? Utacheka tu. Graindikoo ndiyo hiyo: mbio za wazimu, mtu anakoroma kama birika la kahawa, halafu ghafla mbio zinakatika, gitaa zinashuka nzito nzito, na shingo yako inaanza kutikisika bila idhini.

Na mtu wa Mombasa afunzwe hayo na nani? Umekulia kwenye harusi. Unajua chakacha ikikolea kiuno hakiombi ruhusa. Unajua mipasho ya taarabu, mtu anapigwa kijembe na ukumbi mzima unaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwemo. Sikio lako liko tayari zamani, ni vile tu hujaliambia.

Tena wenzetu washaanza. Duma, yaani Lord Spikeheart na Sam Karugu wa Nairobi, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mayowe ya graindikoo juu ya midundo ya kompyuta. (Nilidhani ni duma yule mnyama, kumbe ni giza kwa Kikuyu.) Hawachekeshi hao, nakubali, lakini jaribu kukaa tuli wakipiga.

Kinachoniuma ni kwamba Nairobi wanapiga, sisi tunajificha. Nataka bendi ya hapa kisiwani, yenye nyimbo za sekunde kumi kuhusu mifereji isiyotoa maji na foleni ya Likoni. Bibi yangu angecheka wallahi, kero hizo anazijua kuliko mimi. Gitaa ninalo, na muda ninao, chuo niliacha. Kama unapiga ngoma na majirani wako ni wavumilivu, nitafute.