Mwanga Upenyao Maji ya Nyasa

Mvuvi wa usipa wa Liuli au Mbamba Bay anajua jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma kitabuni bila kuliona: mwanga huingia majini. Usiku wa giza taa huwashwa, na samaki hukusanyika. Asichoelezwa mvuvi huyo ni kwamba mianga yote haipenyi sawasawa.

Leza hulidhihirisha jambo hilo. Atomi iliyopewa nishati, ikipitiwa na chembe ya mwanga, hutoa chembe nyingine iliyo sawa nayo kwa rangi na mwelekeo; vioo viwili huzirudisha chembe hizo huku na huko mpaka utoke mwali mmoja mwembamba. Leza ya kwanza, iliyowashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, ilitumia rubi ya kutengenezwa, jiwe la ukoo mmoja na yakuti za Songea na Tunduru. Mwali wake ulikuwa mwekundu.

Setilaiti ya ICESat, iliyorushwa mwaka 2003, ilipima kimo cha barafu kwa leza ya nanomita 1064, isiyoonekana kwa jicho. Maji huumeza mwanga huo karibu na uso. ICESat-2 ya mwaka 2018 hutumia nanomita 532, yaani kijani. Mwali huu hurudi kutoka juu ya maji na kutoka sakafuni, na tofauti ya nyakati hizo mbili hutoa kina. Katika maji maangavu hufikia karibu mita 40.

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, lakini mtumbwi hauvunjiki huko kilindini. Huvunjika pwani, kwenye miamba. Mwamba wa Liuli, uliowafanya Wajerumani waiite bandari hiyo Sphinxhafen, huonekana na kila mtu. Iliyozama huijua wazee tu, nao hawaishi milele. Vipimo vya setilaiti hiyo hutolewa bure. Kinachohitajika ni vijana wa Mbinga na Nyasa kufundishwa kuvisoma, wakiketi na wazee hao, na halmashauri zisingoje mtaalamu wa kigeni kuja kuwachorea ramani ya pwani yao.

Setilaiti hupima kwa mistari tu, ikiacha mapengo. Tena karibu na Lituhi, Mto Ruhuhu unapoleta tope la masika, hata kijani hushindwa. Hapo kamba yenye risasi ingali na kazi yake.