Kitabu ulichokilipia kwenye simu ni chako kweli?

Mwalimu mmoja wa Maruku alituuliza wiki hii: alinunua vitabu mtandaoni, simu imekufa, na nywila ya akaunti aliyonunulia haikumbuki. Vitabu vyake viko wapi?

Vipo, ila mlango wake ni ile akaunti. Vitabu vingi vya kidijitali huuzwa vikiwa na kufuli: faili inafunguka ndani ya programu ya muuzaji tu, kwa akaunti iliyolipa. Ukiinakili kwenye flashi ukaipeleka kompyuta nyingine, haisomeki. Ulichopewa ni leseni ya kusoma. Tangu Januari 2025, jimbo la California nchini Marekani linawataka wauzaji wamweleze mteja jambo hilo waziwazi.

Na leseni hunyang'anywa. Julai 2009 Amazon ilifuta kwenye vifaa vya wateja vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo Animal Farm, tunachokijua kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos akaomba radhi. Nakala ya karatasi ya Kawegere, hata iliyoliwa kona na mende, hakuna aliyeifuata kabatini. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja wakarudishiwa fedha, vitabu vikaacha kufunguka. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia Kindle kwa waya.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kunakili kwa matumizi binafsi, lakini haimlazimishi muuzaji akufungulie kufuli. Waandishi nao wana kilio: PDF za vitabu vyao huzunguka WhatsApp bila senti kuwafikia. Kwa maoni yangu, kufuli hili humbana zaidi aliyelipa. Nakala ya wizi inafunguka popote.

Kabla ya kulipa, angalia kama utapewa EPUB au PDF isiyo na kufuli. Ukipewa, hifadhi sehemu mbili, mojawapo nje ya simu. Ni kwa matumizi yako, si ya kundi la WhatsApp. Cha kufuli, linda akaunti.

Mwalimu wetu bahati yake laini aliyojisajilia bado anayo. Aanzie hapo, aombe kurejeshewa akaunti kwa namba hiyo, na nywila mpya aiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.