Bei ya mzigo itajwe mzigo ukiwa bado chini

KAKANDA – Mzigo ukiwa chini, mwenye mzigo ndiye mwenye neno. Ukishapandishwa juu ya teksi-basi na kufungwa kamba, neno linahamia kwa dereva. Kila anayesafiri kati ya Kakanda na Likasi analijua jambo hilo, lakini wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita au kuondolewa makwao, kwa kuwa hizo hazisafiri na begi moja. Zinasafiri na nyumba nzima: godoro, masufuria, beseni, mfuko wa unga, makala, pengine na mashini ya kushona ambayo ndiyo kazi ya kesho.

Mambo huenda hivi. Mama anauliza bei ya nafasi, anaambiwa. Anauliza bei ya mizigo, anajibiwa: "Tutaelewana mama, panda tu." Kijana wa gari anapanda juu, vitu vinamfuata kimoja kimoja. Gari likishawashwa ndipo bei inatajwa, tena mbele ya abiria wengine ambao wameshaanza kunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mama afanye nini? Ashushe godoro peke yake, mtoto akiwa mgongoni? Analipa. Pesa hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba, au ya chakula cha siku za kwanza mahali ambapo hajulikani na hakuna wa kumkopesha. Wengine hudaiwa tena wanapofika, vitu vikiwa bado juu.

Huko ni kumshika mtu kwa vitu vyake, hata kama kila mtu kituoni amezoea kukuita biashara. Madereva wana hoja yao na inafaa isikilizwe: mafuta ni ghali, uzito unachosha gari, barabarani kuna malipo yanayojulikana na mengine yasiyo na risiti. Vizuri, basi waandike. Ubao mmoja kituoni unatosha: godoro franka kadhaa, mfuko wa kilo 25 franka kadhaa, meza, kitanda, baiskeli. Gharama yake ni kipande cha mbao na rangi kidogo. Bei ikiwa kubwa, familia itajua mapema na kuamua ibebe nini na iache nini. Kinachouma ni kuijua bei wakati hakuna tena la kuamua.

Likasi haikuanza jana kuona watu wenye vitu vyao nje. Miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya familia zilizofukuzwa kwa sababu ya asili yao ya Kasai zililala kwenye stesheni ya mji huo zikingoja treni, mizigo ikiwa ndiyo ukuta na ndiyo kitanda. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo ungepaswa kuwa wa kwanza kuweka ubao.

Upande wa abiria nako kuna kosa. Mtu mwenye pesa kidogo hudhani juu ya gari ni nafasi isiyo na mwisho. Vitabu vya watengenezaji wa magari madogo mengi huruhusu juu ya paa kati ya kilo 50 na 100 tu, na chuma cha kubebea mizigo kikihesabiwa humo. Mifuko miwili ya unga na mfuko mmoja wa makala tayari inafika huko au kupita. Teksi-basi hubeba zaidi, lakini kanuni haibadiliki: uzito ukiwa juu, gari huinamia kwenye kona, na dereva anapolikwepa shimo au lori la madini linalokuja mbele yake, paa linavuta upande wake. Sheria ya barabara ya Kongo ya tarehe 30 Agosti 1978 ipo. Polisi wangekagua namna mizigo ilivyopangwa kwa bidii ile ile wanayokagulia karatasi, wengi wangefika salama.

Kwa hiyo unga na makala vikae chini, ndani au nyuma ya gari. Juu vipande vyepesi: beseni, viti vya plastiki, godoro. Godoro nalo lina hila yake, maana upepo huingia chini ya ukingo wa mbele na kulinyanyua kama tanga. Likunjwe, lifungwe lenyewe kwanza, kisha lifungwe kwenye chuma kwa mbele na kwa nyuma. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vinavyotumiwa na wengi hunyumbuka. Vinafaa kusaidia kamba, havifai kuwa kamba. Baada ya kilomita chache dereva asimame, kamba zikazwe tena, hata abiria wakinung'unika.

Kuna wanaoona yote hayo ni ghali na kupanda treni za mizigo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 treni ya namna hiyo, ikitoka Luena kuelekea Tenke, iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, Lualaba. Watu 75 walikufa. Wengi walikuwa wamepanda bila tiketi.

Njia ya bei nafuu iliyo salama zaidi ni familia tatu au nne kukodi kamio moja kwa vitu vyote, bei ikagawanywa kabla ya kupakia, na mtu mmoja mzima akafuatana na mizigo akiwa na orodha iliyoandikwa na nambari ya gari. Wengine wasafiri kwa teksi-basi na vitu vya mkononi: karatasi za watoto, dawa, nguo za kubadilisha. Mwenye mashini ya kushona asikubali ipandishwe paani. Aiweke miguuni pake, na akidaiwa nafasi ya mtu mmoja, ailipe.