Magugu maji Ziwa Victoria: ushauri upi wa kuamini?

Magugu maji yakifunga mwalo, mtumbwi hautoki, na siku hiyo hakuna samaki wala fedha. Ndipo ujumbe wa simu huanza kuzunguka: mwaga dawa hii, leta wadudu wale, gugu litaisha kwa wiki moja. Msikilizaji, kabla hujaamini, uliza maswali matatu.

Kwanza, ni gugu gani? Gugu maji tulilozoea, lenye maua ya zambarau, asili yake ni Amerika Kusini, na lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Lipo pia salvinia, lenye majani madogo yenye vinyweleo na lisilotoa maua. Fukusi wanaokula la kwanza hawaliangamizi la pili. Salvinia lina fukusi wake. Ushauri usiotaja aina ya gugu haujakamilika.

Pili, njia hiyo imejaribiwa wapi, na kwa muda gani? Fukusi wa jamii ya Neochetina waliachiwa ziwani kuanzia mwaka 1995 upande wa Uganda, kisha Kenya na Tanzania. Gugu lilipungua sana, lakini baada ya miaka, si wiki. Tena wapo wanasayansi wanaosema mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yalichangia. Baadaye lilirudi, hasa Ghuba ya Winam, Kenya. Mbegu hukaa kwenye tope kwa miaka mingi, na mbolea na majitaka yanayoingia ziwani hulinenepesha. Mtaalamu mkweli hukueleza pia kilichoshindikana.

Tatu, nani anasema, na anauza nini? Taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda, hueleza walivyopima na walichokiona. Kwa Tanzania, viuatilifu husajiliwa na TPHPA. Usimwage dawa mwenyewe: gugu likifa kwa wingi na kuozea majini humaliza hewa, samaki wakafa, na maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Piga picha ya jani na ua, umpelekee afisa uvuvi au viongozi wa BMU. Mnapoling'oa kwa mikono, lipelekeni mbali na ukingo. Likiachwa hapo, wimbi hulirudisha.