Tuongee kuhusu korodani kabla Desemba ifike

Cheka kwanza, umalize, halafu turudi kwa stori.

Kila Desemba hapa Tala, na Kangundo na Matungulu yote, vijana wakifunga shule wanapelekwa kutahiriwa. Siku hizi wengi wanaenda kliniki. Nesi anaangalia, kazi inafanyika, dawa ya maumivu inatolewa, halafu mjomba anakaa nao kuwapa mawaidha: heshimu wazee, wacha pombe, soma. Hakuna mtu anawaambia kwamba korodani zinaweza kupata saratani. Mimi naona hiyo ndiyo wiki ya kuwaambia.

Tusichanganye lakini. Siongelei saratani ya tezi dume, ile ya wazee. Hii ya korodani inapenda vijana, sanasana kati ya miaka 15 na 35. Na kwa nini vijana? Jibu liko nyuma kabisa, tumboni mwa mama.

Ukiwa na wiki chache tu tumboni, seli ambazo baadaye zitatengeneza mbegu zako za kiume haziko kwenye korodani. Korodani hata haijajengwa. Seli hizo zinaanzia kando, kwenye kifuko kinachoshikana na kiinitete, halafu zinasafiri hadi mahali pake, kama matatu ya Kangundo Road inayotafuta stage. Kuna jeni zinazoongoza hiyo safari. Moja inaitwa KITLG, na kazi yake ni kuziambia seli: usife, songa, fuata njia hii. Nyingine, DMRT1, inasaidia korodani iwe korodani. Halafu kuna OCT4 na NANOG, ambazo zinaweka seli katika utoto kamili, ile hali ya kuweza kuwa chochote: ngozi, nywele, jino. Seli ikifika na kukomaa, hizo mbili zinafaa kuzimwa.

Kwa watu wachache hazizimwi. Seli imefika, lakini imekataa kukua. Inakaa kimya miaka kumi na kitu, halafu balehe inaingia na homoni zake na kuiamsha. Daktari wa Denmark, Niels Skakkebæk, ndiye alianza kuionyesha dunia mwaka wa 1972, alipoeleza seli za ajabu alizoziona kwenye korodani za wanaume ambao baadaye walipata uvimbe.

Ndiyo maana uvimbe huu una vituko. Kuna aina hukutwa na nywele au meno ndani. Kuna zingine hutoa homoni ya hCG, ile ile inayotafutwa na kipimo cha mimba, kwa hivyo mwanaume anaweza kupima na mistari miwili itokee. (Usikimbie duka la dawa sasa. Kipimo kikisema hapana, hakijakuambia uko salama.)

Sasa nikisikia mtu akisema kijana alijiletea, ati ni punyeto, ati ni laana, ati ni kuendesha bodaboda, naskia vibaya sana. Kitu kilichoanza kabla hujazaliwa umejileteaje? Hata ule mpira uliokugonga uwanjani haukuleta saratani. Mara nyingi unagongwa, unajishika, ndio unagundua kivimbe ambacho kilikuwa hapo tayari.

Najua mwenye ataandika chini: hiyo ni ugonjwa ya wazungu. Ana nusu ya ukweli. Norway na Denmark wanaipata sana, Afrika ni kidogo, na mwaka wa 2009 watafiti wa Uingereza na Marekani waligundua aina ya KITLG inayoongeza hatari, aina ambayo ni ya kawaida sana kwa watu wa Ulaya kuliko kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini kidogo si sufuri. Sébastien Haller wa Ivory Coast alipatikana na uvimbe wa korodani Julai 2022, akiwa tu amefika Dortmund. Akapasuliwa, akapewa kimo, akarudi uwanjani Januari 2023. Februari 2024 alifunga bao la ushindi dhidi ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON. Mlishangilia bao, hakuna aliyeuliza alikuwa akiumwa nini.

Na alipona kwa sababu hii saratani inatibika vizuri mno. Ikishikwa mapema, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona. Seli hizi bado ni za kitoto, na zikiharibiwa na dawa kama sisiplatini hufa haraka kuliko seli za saratani nyingi. Ukitolewa korodani moja, ile iliyobaki ikiwa nzima kwa kawaida inatosha: sauti, nguvu, hata watoto. Kinachoua ni kuficha, mpaka ipande tumboni na kwenye mapafu.

Kwa hivyo msee, mara moja kwa mwezi, ukitoka kuoga maji moto, jipapase. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Kamba laini kwa nyuma pia ni kawaida. Unatafuta kitu kigumu, mara nyingi kisicho na uchungu. Kinaweza kuwa busha au ngiri tu, lakini hiyo aseme daktari na picha ya altrasaundi, si mimi wala beste yako. Na kama ndugu yako wa damu amewahi kuugua, wewe usikose mwezi: hatari yako inaweza kuwa mara 8 hadi 10 ya mtu wa kawaida.

Ile ingine ni ya wazazi. Korodani isiyoshuka ni moja ya dalili kubwa za hatari, na inafaa kurekebishwa mtoto akiwa na mwaka mmoja hivi. Kuna vijana wanafika siku ya kutahiriwa na moja haipo, na kila mtu amenyamaza. Nesi wa Desemba ndiye mtu mzima wa kwanza kuangalia pale tangu mtoto avuliwe nepi. Akikuta moja tu, amwite mzazi kando na aandike barua ya rufaa hapo hapo, kabla bendeji haijafungwa.