Mkubwa ni Jaa

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu twalitamani, nalo ni ukubwa. Kila mwisho wa mwaka kundi la vijana hutoka katika shule hii kwenda kutafuta kazi au masomo ya juu, na kila mmoja moyoni mwake amekwisha kujiona yu nyuma ya meza, amepewa watu wa kuwaamuru. Mimi nami nimo katika hesabu hiyo. Nina umri wa miaka 19, niko kidato cha sita, na tangu mwaka jana ni kiranja wa kazi.

Muhula uliopita, siku ya wanafunzi wa zamani, mzee wetu mmoja mwenye cheo kizuri alizungumza nasi bwaloni. Alitupa maneno mengi ya faida: tufike kazini kabla ya saa, tuandike barua safi, tusiguse fedha isiyo yetu. Lakini alimaliza kwa kusema kwamba mwenye kutaka kuwa mkubwa kazini na ajitenge na walio chini yake, asile nao wala asishike kazi yao, maana mazoea huleta dharau. Tulimpigia makofi sana. Mimi mwenyewe nilipiga. Sasa, kwa heshima yote anayostahili mzee wetu, nataka kusema kwamba katika neno lile la mwisho sikubaliani naye. Nitaeleza sababu, ingawa maelezo yenyewe yananitia aibu.

Wenzangu wanaijua pampu ya kisima iliyo nyuma ya jiko. Kazi ya kiranja wa kazi ni kupanga zamu za kuteka maji, na kwa desturi yetu kiranja mwenyewe hateki. Yeye husimama kivulini na karatasi ya majina. Mimi nilipopewa beji yangu nilifurahi kuliko yote kwa sababu hiyo, kwamba sasa mikono yangu imepumzika.

Siku moja ya Jumatatu mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alinijia akaniambia, "Kaka, mpini wa pampu unacheza. Naona nati imelegea." Nilikuwa nimesimama pamoja na rafiki zangu, na nilitaka kuwachekesha. Nikamjibu, "Mchagua jembe si mkulima. Nenda ukapampu." Rafiki zangu wakacheka. Mtoto akaenda zake.

Siku ya Alhamisi nati ile ilitoka. Mpini uliruka juu ukampiga mtoto yule yule kinywani, akapoteza meno mawili. Wenzake walimchukua mpaka zahanati ya misheni, damu ikidondoka njia nzima. Mwalimu wa zamu alipouliza imekuwaje, nilisema, "Walikuwa wakicheza na mpini, Mwalimu." Neno hilo lilinitoka kabla sijafikiri, lakini baada ya kufikiri sikulirudisha. Aliyeumia hakuweza kusema, na wenzake waliogopa kusema mbele yangu. Mwalimu akaamuru watoto wale wafyeke majani siku tatu, na msimamizi wa adhabu ile nikawa mimi. Nilisimama kivulini na karatasi yangu, nikiwatazama wakifyeka kwa ajili ya kosa langu.

Siku ya tatu jioni mtoto yule alitoka zahanati, mdomo umevimba. Alinijia bwenini. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikajitayarisha kumkaripia. Hakunilaumu. Aliniuliza kwa shida, "Kaka, umewaambia wa zamu ya kesho kwamba mpini ni mbovu?"

Sikuwa nimewaambia. Kwa siku tatu nilikuwa nikifikiri juu ya beji yangu, na yeye alikuwa akifikiri juu ya meno ya wenzake. Nikajiuliza, katika sisi wawili kiongozi ni nani? Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu wa zamu nikamwambia kweli yote, kisha nikaomba ruhusa niseme mbele ya shule nzima, nikasema. Mwalimu Mkuu aliniondolea ukiranja kwa wiki mbili, akanipa kazi ya kumsaidia fundi kuitengeneza pampu. Nati tuliyotia haikuzidi kidole gumba.

Tangu siku ile nimefikiri sana, na fikira zangu zote zaanza mahali pamoja. Kwa nini sikujua kwamba mpini umelegea? Kwa sababu sikuushika. Kama ningeteka ndoo moja tu kila zamu, mikono yangu ingeniambia Jumatatu yale niliyoambiwa na damu ya mwenzangu siku ya Alhamisi. Mzee wetu alisema mazoea huleta dharau. Huenda. Lakini kujitenga huleta upofu, na mkubwa kipofu ni hatari kuliko mkubwa aliyedharauliwa.

Wahenga walisema: Mkubwa ni jaa. Jaa ni mahali pa kutupia taka za nyumba nzima. Wengi hudhani ni neno la kuwahurumia wakubwa. Mimi naona ni neno la kuwafundisha kazi yao. Kazi chafu, habari mbaya na lawama, vyote hivyo vyapaswa kupata mahali kwa mkubwa. Visipopata mahali kwake vitawaangukia walio wadogo, kama vilivyowaangukia watoto wale.

Nisije nikaambiwa kwamba haya ni maneno ya shuleni tu, nataka nimtaje mtu mmoja wa nchi hii ya Uganda aliyefanya hivyo kazini. Ni Dakta Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum, aliyekuwa mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu. Hospitali hiyo ni ya misheni, kama shule yetu. Mimi sikuwa nimezaliwa alipokufa, lakini wazee wetu hapa Kaskazini husimulia habari zake mpaka leo.

Mwaka 1989, siku ya Ijumaa Kuu, waasi waliingia hospitalini wakitaka kuchukua watu. Dakta Lukwiya alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akakaa nao porini karibu wiki moja kabla ya kurudi. Basi waliokuwa chini yake walijua mapema kabisa kwamba taka ikitupwa, mkubwa wao hatakwepa.

Mwezi wa Oktoba, 2000, alikuwa Kampala masomoni. Wenzake walimpigia simu kwamba watu wanakufa kwa ugonjwa wasioufahamu, na miongoni mwa waliokufa wamo wanafunzi wa uuguzi. Alikwenda Lacor bila kukawia. Hakuanza kwa kuuliza nani amekosea. Alikesha akisoma faili za wagonjwa mmoja mmoja, mpaka akashuku kwamba ni Ebola. Ndipo akaipigia simu Wizara ya Afya, na kabla ya jibu la maabara kufika alikuwa amekwisha kutenga wodi ya wagonjwa wale na kuwafundisha wauguzi jinsi ya kujikinga. Siku chache baadaye maabara ya Afrika Kusini ikathibitisha kwamba ni Ebola kweli. Hebu fikiri, kama daktari yule angekuwa na tabia yangu ya siku ile ya Jumatatu! Kama angesema, "Hao ni wauguzi waoga tu," ugonjwa ungekwenda mpaka wapi?

Katika mwezi wa Novemba wafanyakazi kadhaa wa hospitali walikufa kwa ugonjwa ule, na waliobaki waliingiwa na hofu, wakataka hospitali ifungwe. Aliwakusanya akawasikiliza. Hakuwatisha kwa barua za kufukuzwa. Aliwaambia kwamba anayetaka kuondoka na aondoke, lakini yeye atabaki. Wengi walibaki naye. Neno hilo hana haki ya kulisema ila mtu aliyekuwa wodini pamoja nao tangu siku ya kwanza. Angelisema toka ofisini mlango umefungwa, wangemcheka.

Yapo mengine ambayo si mepesi kuyasema juu ya mtu mwema. Husimuliwa kwamba usiku mmoja muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa alihangaika sana, na Dakta Lukwiya akaitwa kumsaidia. Alivaa vazi, kofia, kinyago na mipira ya mikono, lakini macho hakuyakinga. Baada ya siku chache akaugua, na tarehe 5 Desemba, 2000, akafariki dunia. Alizikwa pale pale hospitalini. Ugonjwa ule ulipata watu 425 katika Uganda, wakafa 224, kabla haujakwisha mwanzoni mwa 2001. Mimi simlaumu hata kidogo. Lakini nadhani yeye mwenyewe, aliyewafundisha wengine kujikinga, angetaka tujifunze hata katika hilo. Sheria ya kazi haijui cheo. Nati iliyolegea haiulizi nani kiranja, na maradhi hayaulizi nani mganga mkuu. Mkubwa anayeshika kazi ya wadogo na ashike pia sheria za wadogo, asijione amesamehewa kwa sababu ya haraka au ya ushujaa.

Najua nitapingwa. Wako watakaosema kwamba mkubwa akiteka maji kila siku, kazi yake ya kupanga itafanywa na nani? Ni swali la haki. Sisemi ateke ndoo zote. Akifanya hivyo atakuwa amekimbia kazi yake, na wengine watakaa kivulini wakimtazama yeye. Nasema ateke kiasi cha kujua uzito wa ndoo. Wengine watasema heshima itapungua. Mimi nimejaribu. Tangu nirudishiwe beji nateka ndoo mbili kila zamu, na sijaona aliyenidharau. Nimeona jambo jingine, kwamba sasa watoto huja kuniambia mambo. Wiki iliyopita waliniambia juu ya ngazi iliyooza katika bweni la pili, na juu ya mtoto mmoja anayelia usiku kwa sababu hana blanketi. Zamani mambo hayo yalikuwapo, lakini hayakunifikia.

Na wako watakaosema kwamba mkubwa akikiri kosa mbele ya wadogo amekwisha. Nami niliogopa hivyo. Siku nilipopanda jukwaani miguu ilitetemeka. Lakini waliofyeka majani walikuwa wanajua kweli tangu mwanzo, na kila siku niliyonyamaza walikuwa wakinipima. Kukiri hakukuwaonyesha kosa langu, maana walikuwa wamekwisha kuliona. Kuliwaonyesha kwamba na mimi nimeliona.

Basi, Bwana Mhariri, naleta maombi mawili. La kwanza ni kwa viranja wenzangu na kwa Mwalimu Mkuu wetu mpendwa. Desturi ya kiranja kutoteka maji, kutofagia vyoo, na kupakuliwa posho na maharagwe kabla ya wengine, yafaa iondolewe. Kiranja awe na zamu yake kama wengine, na bwaloni apange mstari nyuma ya kidato cha kwanza. Chakula kikipungua, apungukiwe yeye, naye ataona haraka namna ya kuzuia kisipungue.

La pili ni kwenu, wazee wetu mliotangulia, mlio katika maofisi, mahospitali, mashule na viwanda. Sisi twawatazama ninyi. Mkija kuzungumza nasi, tuelezeni jinsi mlivyopata vyeo, lakini tuelezeni pia siku mliyokosea, na nani aliyelipa kwa kosa lile, na mlifanya nini baadaye. Maneno hayo yatatufaa kuliko maneno ya suti na mezani. Na mtakaporudi kesho kazini kwenu, mwulizeni aliye mdogo kuliko wote kuna nati gani iliyolegea. Akisita kujibu, jiulizeni mara ya mwisho alipojibiwaje.

Mtoto yule ametiwa meno ya bandia mwezi huu. Yeye husema hayamwumi. Kila ninapomwona akicheka nakumbuka kwamba aliniambia mapema, kwa adabu, akaniita kaka, nami nikamjibu kwa methali.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita