Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Bwana Mifugo na Panya Mweupe

Mheshimiwa Waziri,

Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kuugua homa, kuchoka kupita kiasi na kutokwa damu puani. Watatu walifariki. Uvumi ulishatangulia kila mahali Serikali ilipotangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo. Nchi ilishangaa. Morogoro wapo ambao hawakushangaa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuwa wamewapima wanyama kwa bakteria hao miaka mingi kabla.

Mimi ni daktari wa mifugo, na tangu siku ile najiuliza kwa nini maarifa ya zizini huchukua muda mrefu hivyo kufika wodini.

Nilihitimu nikijua kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa na kuitambua ndigana kali kwa hadubini. Kupanga jaribio la kisayansi, kuandika ombi la fedha za utafiti, hata kumtunza panya mweupe wa maabara, hayo niliyaokota njiani. Nilipoomba kazi katika taasisi moja ya utafiti wa afya nilijibiwa kwa upole kwamba huko hawatibu ng'ombe.

Hapo kwenye panya naomba nikucheleweshe kidogo, maana wengi humdhania ni kifaa tu, kama chupa. Panya mwenye minyoo hutoa majibu ya uongo. Kinga yake tayari ina vita vyake, hivyo dawa unayoipima inaweza kuonekana hodari au dhaifu isivyostahili. Akikaa kwenye kelele na taa usiku kucha, homoni zake huvurugika. Nusukaputi ikizidi kidogo anakufa, ikipungua anateseka, na kwa vyovyote jaribio limeharibika. Niliwahi kuingia maabara moja nikakuta panya wa utafiti wanalishwa na mfanya usafi, mtu mwenye huruma kweli, ambaye akiona wamenyong'onyea huwaongezea dagaa. Matokeo yao yaliandikwa hivyo hivyo, pamoja na dagaa.

Nani mwingine awe pale maabara kama si sisi madaktari wa mifugo? Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo ya sotoka Muguga, Kenya, alikuwa daktari wa mifugo, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Peter Doherty, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 1996 kwa kueleza jinsi kinga inavyozitambua seli zenye virusi, naye alisomea mifugo. Na wa karibu zaidi yupo: George Warimwe, aliyesomea udaktari wa mifugo Nairobi, anaongoza utafiti wa chanjo ya homa ya Bonde la Ufa inayokusudiwa mifugo na watu kwa pamoja. Ilijaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe Kenya, kisha kwa watu Uingereza. Sisi tuliouona ugonjwa huo mwaka 2007, tukaiogopa hata nyama ya buchani, tunajua uzito wa kazi hiyo.

Siombi jengo jipya, Mheshimiwa. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo mwenye kiu ya utafiti aruhusiwe kusimamisha masomo ya kliniki, akae maabara hadi apate uzamivu, kisha arudi kumalizia, kama vyuo kadhaa vya Marekani vinavyofanya. Alipwe posho ya kuishi, maana wenzake muda huo watakuwa wamefungua maduka ya dawa za mifugo na wanapata pesa. Wachache wapelekwe kubobea katika patholojia na utunzaji wa wanyama wa maabara. Halafu ukae na wenzako wa Utumishi na wa Afya muutazame muundo wa utumishi wa watafiti, kwa sababu uzamivu usio na kiti utamrudisha kijana dukani, au utampandisha ndege.

Hili la mwisho ndilo gumu, nalijua, kwa kuwa linagusa wizara zaidi ya moja. Mkihitaji mtu wa kuwaeleza habari za panya, nipo tayari kuja Mtumba, Dodoma, kwa nauli yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Daktari wa mifugo